Mstari wa 347

Namba yenyewe ni milioni tisa, laki sita, tisini na tisa elfu, mia sita tisini na moja. Nikiitamka kwa haraka watu hudhani nataja bei ya kiwanja. Baba yangu aliitaja tarakimu moja moja, taratibu, kama mtu anayemtambulisha mgeni wa heshima: tisa, sita, tisa, tisa, sita, tisa, moja. Mimi ni fundi cherehani hapa Lushoto, hesabu zangu zinaishia kwenye futi ya utepe, na shuleni nilikuwa mzito kiasi cha kumwaibisha mwalimu, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa baba huyo huyo. Lakini namba hiyo naijua kuliko namba yangu ya simu. Naijua kwa sababu niliiharibu.

Baba hakuiokota popote, aliitengeneza. Alichukua namba tasa za mwanzo, zile ambazo hazina kinachozigawanya ila moja na zenyewe, akaanza na mbili akaishia kumi na tisa, nane kwa jumla. Akazizidisha zote pamoja akapata 9,699,690. Halafu akaongeza moja.

Hiyo moja ndiyo aliyoipenda. Darasani alikuwa akituambia tufikirie viazi. Uwe na viazi idadi hiyo, uvipange mafungu ya viwili viwili kama wanavyopanga mama zenu sokoni, kitabaki kimoja. Panga vitatu vitatu, kitabaki kimoja. Vitano vitano, saba saba, mpaka kumi na tisa kumi na tisa, kila mara kinabaki kimoja mkononi na hakina fungu. Kwa hiyo hakuna hata moja kati ya zile nane inayoweza kuivunja. Ama namba hiyo ni tasa yenyewe, ama inavunjwa na tasa nyingine ambayo hukuwa nayo. Ndiyo maana, alisema, namba tasa hazimaliziki duniani, hata ukusanye ngapi. Sisi tulikuwa tunawaza viazi vyenyewe, maana ilikuwa karibu saa ya kula.

Ila yeye hakutosheka na "ama". Alitaka kujua ni ipi. Alikwisha kujaribu zilizotangulia. Akiishia kumi na tatu alipata 30,031, nayo ikavunjwa na hamsini na tisa. Akiishia kumi na saba alipata 510,511, nayo ikavunjwa na kumi na tisa, tena upesi, siku ile ile. Aliudhika kama mtu aliyetukanwa. Alipoifikia hii ya tatu alisema, "Hii itasimama."

Ili kujua kama inasimama, ilibidi aigawanye kwa kila namba tasa kuanzia ishirini na tatu hadi 3,109. Zaidi ya hapo hakuna haja, kwa sababu tasa inayofuata ukiizidisha kwa yenyewe inaipita namba yenyewe. Hesabu zote ni mia nne thelathini na tano, kwa mkono. Vikokotozi vilikuwepo, alikwisha kukiona kimoja ofisini kwa wakubwa, lakini alikiona kama chombo cha watu wavivu.

Nyumba yetu iko kwenye mgongo wa mlima upande wa Mtae, na barazani baba alikuwa ameegemeza ubao wa zamani wa shule uliopasuka kona. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilichaguliwa kuwa mwandishi wake, si kwa akili, bali kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri na kaka yangu alikuwa hodari wa kutoweka. Kazi yetu ilikuwa na utaratibu. Mimi naandika kwanza kigawo upande wa kushoto wa daftari, ili mstari uwe umeshikwa. Yeye anagawanya ubaoni kwa chaki. Akimaliza anauliza, "Baki?" Mimi nasoma baki ubaoni na kuliandika upande wa kulia. Ikiwa baki si sifuri, tunasonga mbele. Tulifanya baada ya swala ya alasiri, tatu kwa wiki, na wiki za mvua hata tano. Mama alipenda kutupitia akiwa na karai la maharage kiunoni na kusema kwa Kishambaa kwamba nyumba hii ina wendawazimu wawili, na mmoja bado mdogo anaweza kupona.

Siku ya kigawo 347 ilikuwa ya masika. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo na mama akateremka bondeni kuchimba viazi kabla havijaoza. Ile ilikuwa hesabu yetu ya sitini na moja. 347 iliangukia mstari wa mwisho kabisa wa ukurasa, nami nikaiandika kushoto vizuri, mkia wa saba ukiwa umenyooka. Baba alikwisha kuandika namba kubwa ubaoni na alikuwa anachonga chaki kwa wembe. Tukasikia mtu anaita kutoka chini. Alikuwa jirani yetu wa bondeni, analiita jina la baba bila heshima yoyote, bila "mwalimu", na hapo hapo baba akajua. Ukingo wa tuta la juu ulikuwa umelowa ukaporomoka, na mama alikuwa chini yake. Walimchimba kwa jembe alilokwenda nalo na kwa mikono. Niliambiwa baadaye kwamba walipomtoa, baba bado alikuwa ameshika ile chaki.

Kwetu siku za msiba jembe haligusi ardhi. Kijiji kizima kilikaa, viazi vikaoza kweli, na barazani watu walikaa chini ya ubao wenye ile namba. Hakuna aliyethubutu kuifuta. Wazee waliokuja kutoa pole waliitazama kwa hofu kidogo, labda wakidhani ni dua. Ilikaa hapo mpaka arobaini ikapita.

Siku ya arobaini na moja baba akachukua kitambaa akaufuta ubao. Akaandika namba upya. Akaniita, nikaja na daftari nimelifunga.

"Tuliishia wapi?"

"Tulimaliza ukurasa, baba."

"Ile mia tatu arobaini na saba tuliifanya?"

"Ndiyo, baba."

Nilidanganya, na nilijua ninadanganya. Niliona kwamba nikisema hapana, ataiandika 347 pale ubaoni, nami nitasimama mahali pale pale na daftari pale pale, na yule mtu ataita tena kutoka bondeni. Hiyo tu. Sikuwa na ubaya wowote na namba ile. Baba hakufungua kuangalia, maana hakuwahi kunikuta na uongo. Alitwaa pini akabana pamoja kurasa zote za nyuma. "Hizo ni za wakati wa mama yako," akasema, "tuziache." Tukaanza ukurasa mpya na 349.

Ilituchukua miaka miwili. Baba hakuoa tena, ingawa walimsema sana. Alifundisha, alilima, alirudi, aliswali, akagawanya. Nadhani bila zile hesabu angejilaza akaacha kuamka. Nami nilishika daftari na kusoma baki, na kila nilipoona pini ile niligeuza macho, kisha nikaizoea. Mtoto anazoea upesi. Nilijiambia kwamba kati ya mia nne na zaidi, moja ni kitu gani?

Tulipofika 3,109 alifanya polepole makusudi. "Baki?" akauliza. "Elfu mbili mia saba na ishirini," nikasoma. Akaweka chaki chini. Akacheka, na mimi nikashtuka, kwa sababu nilikuwa nimeshasahau sauti ya kicheko chake. Akacheka mpaka akalia. Akaniambia, "Mwanangu, kumbe kuna kitu kisichovunjika." Halafu akaenda kutawadha.

Toka siku ile alikuwa mtu mwingine. Msikitini waliijua namba yake, sokoni waliijua, wauza kabichi walimwita mzee wa milioni tisa naye akaitikia kwa furaha. Alipotaka kutaja mwaka alisema, "Ule mwaka namba yangu iliposimama." Mimi nilifeli kidato cha nne, hesabu nikapata ile alama ya mwisho kabisa, na hata hapo hakunifokea. Aliniambia kwamba nimekwisha kufanya hesabu moja kubwa maishani, inanitosha. Nilikwenda nje nyuma ya jiko nikakaa huko mpaka giza likaingia.

Mwaka jana wifi yangu, mke wa kaka, ambaye ndiye aliyekuwa anamtunza, akanipigia simu. Macho ya baba yamepungua, mkono unatetemeka, na kuna siku anaswali adhuhuri mara mbili kwa sababu hakumbuki ile ya kwanza. Na ananitaka. Daftari lake limeliwa na unyevu na mende, anataka nikalinakili lote kwenye jipya kabla hajafa. Niende na daftari gumu, kubwa, na kalamu nyekundu mbili.

Nilifunga duka nikapanda. Alikuwa barazani kwenye kigoda, mdogo kuliko nilivyomwacha, amevaa sweta juu ya kanzu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na kalamu?"

Nikampa. Akaziweka mfukoni mwa sweta, akapapasa juu kuhakikisha zimo. "Uandike zote," akasema. "Hata zile za mama yako."

Pini ilikuwa imeshika kutu na ikaacha alama za kahawia kwenye kila ukurasa. Nilinakili barazani, mchana, ukungu ukipanda na kushuka, yeye akisinzia pembeni. Ishirini na tatu, baki. Ishirini na tisa, baki. Mwandiko wangu wa miaka kumi na mmoja ulikuwa mzuri kweli, mzuri kuliko wa sasa. Nikafika mwisho wa ukurasa. 347 kushoto, na kulia hakuna kitu.

Nilijua nitaukuta mstari ule. Nilikuwa nimejiandaa nao toka Lushoto. Niliwaza kwamba nitatafuta baki lake kwenye simu, nitaliandika, na uongo wangu utakuwa umezikwa rasmi. Nikatoa simu, nikabonyeza namba kubwa, nikagawanya kwa 347. Kioo kikaonyesha 27,953. Hakukuwa na nukta, wala kitu chochote baada yake.

Nikarudia, nikidhani nimebonyeza vibaya. Nikarudia tena. Nikachukua karatasi nikagawanya kwa mkono, mimi niliyefeli, kwa sababu nilitamani sana simu iwe mbovu. Nikashusha tarakimu moja moja kama alivyotufundisha, na mwishoni 1,041 kutoa 1,041 ikawa sifuri. Ilikuwa sifuri safi. Baba alifanya hesabu mia nne thelathini na nne bila kosa hata moja, mkono wake na chaki yake, na zote zilikuwa bure, kwa sababu iliyokuwa na jibu ni ile moja niliyomwibia.

Nilikaa siku mbili bila kusema. Wifi akadhani naumwa, akanichemshia tangawizi. Niliweza kuandika baki lolote. Kumi na mbili. Mia. Nani angejua? Lakini nilikuwa nimechoka kuijua peke yangu. Nasema wazi kwamba sikumwambia kwa ajili ya hesabu, wala kwa ajili ya ukweli wowote mtukufu. Nilitaka anisamehe kabla hajafa. Nilitaka anifokee, hata anipige kofi, kisha aseme yameisha.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, nikakaa chini mbele yake.

"Baba, nina neno."

"Sema."

"Ile mia tatu arobaini na saba hatukuifanya. Uliponiuliza baada ya arobaini, nilikudanganya. Juzi nimeifanya. Inagawanyika, baba. Haina baki."

"Haina baki?"

"Haina."

"Lete niione."

Nikampa karatasi yangu. Akaisogeza karibu na jicho lake la kushoto, lile lililokuwa na nafuu, akaifuata mstari kwa mstari. Akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akaweka karatasi juu ya daftari gotini, na chini ya hesabu yangu akaanza ya kwake.

Nilisimama nyuma ya bega lake. Tarakimu zake zilikuwa kubwa na zenye kutetemeka, kama za mtoto wa darasa la kwanza, lakini mwanzo alikwenda sawa. Mbili, zikabaki 275. Akashusha tisa. Saba, zikabaki 330. Akashusha sita. Tisa. Akaandika 3,306 na chini yake 3,123, nami nikaanza kusogeza midomo pamoja naye. Sita toa tatu, tatu. Sifuri toa mbili haitoshi, azima kwa jirani. Akaazima. Kumi toa mbili, nane. Kisha tatu toa moja.

Darasani alikuwa na amri moja kuhusu jambo hilo, na alitupiga fimbo kwa ajili yake. Ukiazima, kata hapo hapo tarakimu uliyoiazima, uandike iliyobaki juu yake, kabla hujasahau. Hakukata. Alisahau kwamba ameazima. Akaandika mbili. 283, badala ya 183.

Nilinyoosha kidole. Naapa nilikinyoosha, kikafika karibu na karatasi. Ningesema tu, "Baba, pale." Lakini ningekuwa namwambia mambo mawili kwa mara moja, kwamba namba yake imevunjika na kwamba hawezi tena kutoa. Kidole kikarudi. Yeye aliendelea, akashusha tisa, akapata nane, akashusha moja, akapata moja, akafika mwisho akapiga mstari.

"Baki?" akauliza, bila kugeuka.

Nikasoma, kwa sauti ile ile ya zamani. "Mia mbili themanini na nne."

"Umeona?" Akapumua. Hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa na huruma, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. "Wewe kutoa kulikushinda toka mdogo. Usilie. Na si kweli kwamba hatukuifanya. Tuliifanya. Nakumbuka vizuri. Wewe ulikaa hapo ulipo, na mama yako alikuwa pale mlangoni anachambua maharage, akakwambia, mwanangu, mkia wa saba unyooke."

Nikatazama mlangoni. Kulikuwa na ndala za wifi.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Nimekosea. Samahani."

"Si neno."

Ndivyo nilivyosamehewa, kwa kosa ambalo sikulifanya. Lile nililolifanya halikuwepo tena, lilikuwa limefutwa kichwani mwake, na mama amewekwa mahali pake. Ningemwambia nini? Kwamba mama saa ile hakuwa mlangoni? Akachukua hesabu yangu, ile ya juu, akaipiga mkasi mwekundu mkubwa kutoka kona hadi kona. Pembeni akaandika "Rudia", akatia sahihi yake ya ualimu. Kisha akaniamuru niandike baki kwenye daftari jipya, naye akaangalia nikiandika. 347 kushoto, 284 kulia. "Hongea mwanangu," akasema, akinishukuru kwa Kishambaa kama niliyempa maji ya kunywa.

Alifariki kipupwe cha mwaka huo huo, asubuhi, wifi akimpelekea uji. Tulimzika juu ya matuta, karibu na mama. Watu wa sokoni walikuja wengi, na mmoja wao akaitaja ile namba kaburini, tarakimu zote saba, akisema mzee ameondoka lakini namba yake haivunjiki milele. Watu wakaitikia. Nami niliitikia.

Daftari jipya liko nyumbani, kwenye sanduku lake. Karatasi ninayo mimi, kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Miaka yote ya shule baba aliniwekea mikasi mingi na yote nilistahili. Huo wa mwisho ndio pekee alioniwekea nikiwa nimepata.

Aliniambia nirudie, kwa hiyo narudia. Wateja wakipungua, mchana, nachukua chaki ya kuchorea nguo na kipande cha kitambaa cheusi, naandika namba yake, nagawanya. Nafika pale kwenye 3,306 nasimama kidogo. Nataka niandike mbili kama yeye. Nasema, leo nitaandika mbili, zibaki 284, nimwachie namba yake. Mkono unakataa, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeufundisha. Unakata tatu, unaandika mbili juu yake, unatoa moja, na chini inakuja moja. Ninamaliza. Inabaki sifuri.